Fungueni Hilo Kabati

Kabati lenyewe ni la chuma, rangi ya kijivu, lina kufuli mbili. Limesimama nyuma ya meza ya mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi huku Garissa, na juu yake pamewekwa kombe la kandanda la mwaka sijui gani na katoni ya chaki. Nilikuwa nimeenda pale na habaryar, mama yangu mdogo, kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe ili jina lake liingizwe kwenye mtambo wa wizara wa kusajili wanafunzi. Tukisubiri, nikauliza tu kilichomo ndani.

“Tableti za serikali,” mwalimu akasema.

“Watoto huzitumia siku gani?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. “Wageni wakija.”

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Wageni wakija, tableti zinatolewa, zinapanguswa vumbi, zile zinazowaka zinatiwa chaji, watoto wanapangwa wawili wawili, picha inapigwa. Wageni wakienda, zinarudi ndani. “Moja ikipotea,” akaongeza kwa sauti ya chini, “mimi ndiye nitakayeulizwa. Si wewe.”

Sikumlaumu. Mtu akikukabidhi mali, akakusainisha, halafu asikuambie lolote kuhusu kufundisha isipokuwa kwamba mali hiyo isipotee, utafanya nini? Utafunga. Basi makala hii si ya kumsema yeye. Ni ya kuwasema waliomletea kabati, na baadaye kidogo ni ya kunisema mimi, na wewe unayesoma pia hutaachwa.

Hebu nianze na yule mtoto mwenye cheti.

Ana miaka 11, yuko Gredi ya 5. Shuleni hajawahi kushika tableti. Nyumbani yeye ndiye ofisi nzima ya mawasiliano. Mama yake anaongea Kisomali vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, anaongea Kiswahili cha sokoni, na hasomi. Kwa hiyo ujumbe ukiingia, kijana anausoma. Pesa zikitumwa, kijana anabonyeza. Bando la shilingi 20 likiisha, kijana anajua njia ya kukopa. PIN ya mama anaijua kabla ya kuijua hesabu ya kugawanya. Usidhani huyu ni mtoto wa pekee. Pita Bula Iftin jioni, au kaa Suq Mugdi mbele ya duka lolote, utaona akina mama wakinyoosha simu kwa watoto wao: haya, nisomee.

Mwaka jana simu ikalia. Mwanamume mwenye sauti ya upole, Kiingereza cha ofisi na Kiswahili safi, akasema laini ya mama inakaribia kufungwa. Kuna namba sita zimetumwa sasa hivi kwa ujumbe. Zisome, tuifungue. Kijana akazisoma. Akazisoma kwa Kiingereza, moja moja, bila kukosea hata moja, jinsi alivyofundishwa darasani. Shilingi 9,400 zikaenda. Zilikuwa pesa za ayuto, mzunguko wa akina mama, na ndiyo kwanza zamu ya habaryar ilikuwa imefika baada ya kungoja miezi minane.

Hakupigwa. Ingekuwa afadhali angepigwa. Alikaa siku mbili bila kula, na mpaka leo simu ikilia anatoka chumbani.

Sasa niambie, kijana huyu alikosa nini? Hakukosa kifaa, maana simu ilikuwa mkononi mwake. Kusoma anasoma, na kubonyeza anabonyeza haraka kuniliko mimi. Alichokosa ni mtu mzima mmoja, mahali popote, aliyewahi kumwambia kwamba anayepiga simu anaweza kuwa mwongo, na kwamba namba ya siri si swali la mtihani ambalo lazima ulijibu. Tumewafundisha watoto wetu kutii sauti yenye mamlaka. Halafu tukawapa simu.

Tukubaliane basi kwamba hilo ndilo somo. Ujuzi wa kidijitali ni kujua nani yuko upande wa pili wa skrini, anataka nini, na ukimpa kitaenda wapi. Ukiniuliza Kenya imefanya nini kuhusu somo hilo kwa miaka zaidi ya kumi, nitakuonyesha kabati.

Historia yake fupi ni hii. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliomba kura ukiahidi laptopu kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Mimi nilikuwa nimeshapita darasa la kwanza zamani, na nakumbuka tulivyowaonea wivu wale wadogo. Zabuni ya kwanza ikaingia kwenye mivutano, ikafutwa. Laptopu zikageuka tableti. Kuanzia 2016 zikaanza kusambazwa chini ya mpango wa DigiSchool, na mwishowe tukaambiwa vifaa zaidi ya milioni 1.1 vimefika kwenye shule zaidi ya 20,000. Kila shule ilipata tableti za wanafunzi, vifaa viwili vya walimu, projekta, na kisanduku cha kuhifadhia masomo na kuyarusha hewani humo darasani.

Sikiliza namna hadithi hiyo inavyosimuliwa kila mara. Vifaa vingapi. Shule ngapi. Sijawahi kumsikia mheshimiwa akisimama jukwaani na kutaja idadi ya watoto waliojifunza kitu, wala kitu chenyewe ni kipi. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza nchi nzima mwaka 2019, unataja ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi saba wa msingi. Mwaka 2022 KICD ikaidhinisha pia mtaala wa kufundisha watoto kuandika programu za kompyuta. Kwenye karatasi tuko mbali sana. Karatasi zenyewe zinakaa vizuri kabatini pamoja na tableti.

Huku kwetu kuna neno lingine ambalo karatasi hazilitaji: mwalimu.

Novemba 2014 watu 28 walishushwa kutoka basi lililotoka Mandera na kuuawa, na kati yao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, kaunti hii hii ya Garissa. Baada ya hapo TSC ikawahamisha mamia ya walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi, kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Sina neno la kuwalaumu walioondoka. Mimi mwenyewe ningeondoka. Lakini fikiria kilichofuata. Machi ya mwaka huo huo Covid ikafunga shule nchi nzima, na masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Kwa mtoto wa Nairobi, shule ilifungwa Machi. Huku kuna madarasa yaliyokuwa yamefungwa tangu Januari, mlango ukiwa wazi, watoto wakiwa wamekaa ndani na mbele hakuna mtu.

Mahali pa namna hiyo ndipo unapoweka tableti na kusema umeleta elimu ya kidijitali?

Umeme nao, nisiuzungumzie sana, nitakasirika bure. Desemba 2019 hapa Garissa kilizinduliwa kituo cha umeme wa jua cha megawati zaidi ya 50, kikasifiwa kuwa kikubwa kuliko vyote Afrika Mashariki na Kati. Jua letu linaingia kwenye gridi ya taifa, linasafiri. Wajir na Mandera, majirani zetu, hawakuwa kwenye gridi hiyo, walitegemea jenereta za dizeli. Kuna vijiji kilomita chache tu kutoka vioo vile vya sola ambako simu bado inachajiwa dukani kwa shilingi kadhaa. Yatosha hapo.

Lakini umeme si kisingizio, na nitakuambia kwa nini. Kuna tableti moja huku kwetu ambayo haijawahi kuhitaji umeme wala zabuni. Tunaiita loho. Ni ubao, mpana kiasi, wenye mkono wa kushikia. Mtoto wa duksi anauandika aya zake kwa kijiti na wino wa makaa, anazihifadhi, anasomea kwa maalim wake, akishapita anauosha, anaanza upya. Nilikuwa na wangu. Ulikuwa umepasuka pembeni na kaka zangu wawili walikuwa wameutumia kabla yangu.

Tazama jinsi mfumo huo ulivyojengwa. Loho ni ya mtoto. Analala nayo nyumbani, anabeba kichwani mvua ikinyesha. Ikivunjika, baba anachonga nyingine na hakuna anayeandikiwa barua. Familia ikihama kufuata malisho, maalim anahama nao, anakula wanachokula, anafundishia chini ya mti jioni ngamia wakisharudi. Kwa njia hiyo watoto wa wafugaji ambao serikali haikuwahi kuwafikia kwa miaka na miaka walijua kusoma na kuandika herufi za Kiarabu. Kifaa kilikuwa cha bei ya kipande cha mti, mwalimu alikuwepo, na mtoto aliaminiwa.

Najua utaniambia nini. Duksi ina kiboko. Ni kweli, mgongo wangu unaikumbuka. Watoto wanahifadhi bila kuelewa. Mara nyingi, ndiyo. Sisemi turudi huko tuache shule. Nasema kwamba kwenye jambo moja maalim wa porini alimzidi waziri: hakuanza na kifaa. Alianza na mtu, kifaa kikafuata, na kifaa kikakaa mkononi mwa mtoto. Wizara ilianza na kifaa, ikakifungia, na mtu ikamsahau.

Sasa zamu yangu.

Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, karo ilinishinda, na siku hizi naandika huku na kule, na makala zisipolipa nakaa saiba. Saiba yetu iko karibu na barabara ya kwenda darajani, meza nne, printa moja inayokohoa. Kazi kubwa si kuchapa. Kazi kubwa ni kuwa macho na vidole vya watu. Mzee anaingia, “walaal, nifungulie eCitizen.” Mama anataka cheti, kijana anataka PIN ya KRA, mwanafunzi anaomba mkopo wa masomo. Namuuliza mteja, paswadi yako ni ipi? Ananiambia, andika yako yoyote.

Nina kaunta buku. Kurasa zaidi ya mia moja, mistari miwili miwili: jina, namba ya kitambulisho, simu, barua pepe niliyomfungulia, paswadi niliyomchagulia. Nilianza kuandika kwa nia njema, maana watu walikuwa wakirudi baada ya mwezi wamesahau kila kitu. Siku moja nikaikuta imeachwa juu ya meza na mteja anaipekua akingoja kopi zake. Alikuwa akitafuta jina lake tu, akasema. Nikaichukua, nikakaa nayo mapajani, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nimeshika nini. Mtu ambaye hakumaliza chuo, hana leseni ya chochote, ameshika funguo za maisha ya nusu ya mtaa kwenye kitabu cha shilingi mia na kitu. Na saiba yetu si pekee. Huduma za serikali zilipohamia mtandaoni kwa maelfu, serikali ilihamisha milango tu. Kujua kufungua mlango iliachia watu kama mimi.

Nani angepaswa kufundishwa hapo? Mzee wa miaka 70 pengine hatajifunza. Lakini mjukuu aliyemleta akimshika mkono, yule wa Gredi ya 6 anayesimama pembeni akichezea kamba ya mfuko, huyo angeweza kuwa mlinzi wa mlango wa nyumba yao yote. Tunamwacha asimame pale.

Kama bado unaona haya ni mambo madogo, pesa za ayuto na paswadi za saiba, basi sikiliza jambo la alama za vidole.

Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, na wenyeji waliozizunguka walikuwa Wakenya maskini walioishi katika ukame ule ule. Miaka ya njaa ilipokuja, mgao wa chakula, hospitali na shule ya bure vilikuwa ndani ya kambi. Familia nyingi za Kikenya zikaingia kwenye foleni, zikajiandikisha kama wakimbizi, na watoto wakaandikishwa pamoja na wazazi. Baadaye orodha zikawa za kidijitali, na alama za vidole zikachukuliwa. Mtoto alinyoosha kidole kwa sababu mama alisema nyoosha. Alipata unga na mafuta.

Miaka ikapita. Mtoto akafika 18, akaenda kuomba kitambulisho cha Kenya, nchi ya babu yake. Mashine ikasoma kidole. Mashine ikasema: mkimbizi. Basi. Hana kitambulisho, kwa hiyo hana laini ya simu kwa jina lake, hana akaunti ya benki, hana kazi ya serikali, hana mkopo wa chuo, na akifika kizuizi cha polisi pale darajani Tana anarudi alikotoka. Haki na Sheria, shirika la hapa Garissa lililoshika kesi hizi, lilikadiria watu kama hao kuwa takriban 40,000. Wengine wameondolewa kwenye orodha baada ya miaka ya kuhangaika ofisini na mahakamani. Wengine nawaona kila wiki saibani, wanakuja kuchapa barua nyingine.

Simlaumu mama aliyempeleka mwanawe kwenye chakula. Ningekuwa yeye ningempeleka mbio. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekaa chini na familia hizo, kwa lugha yao, akawaambia: kidole hiki tukishakichukua hakifutiki, kitaonekana ofisi nyingine, siku nyingine, kwa sababu nyingine. Hilo ndilo somo la kwanza la kidijitali lililowahi kufundishwa kaskazini mashariki, na lilifundishwa kwa adhabu.

Nanyi wa Nairobi msitucheke. Mwaka 2023 nani alipiga foleni pale KICC kutazama kwenye mpira wa chuma wa Worldcoin, mboni ikachukuliwa, kwa sarafu za mtandaoni zenye thamani ya kama shilingi 7,000? Hao hawakuwa wafugaji. Walikuwa wasee wenye digrii, simu kubwa na Wi-Fi ya ofisi. Zaidi ya watu 300,000 nchini walikuwa wameshajiandikisha serikali iliposimamisha shughuli hiyo Agosti, na ikachukua mpaka Mei 2025 Mahakama Kuu kuamuru data zile zifutwe. Kati ya mama wa Dadaab aliyetoa kidole apate unga na kijana wa Nairobi aliyetoa jicho apate kodi ya nyumba, mimi sioni tofauti ya akili. Naona tofauti ya viatu. Wote wawili walikuwa na shida, na wote wawili hawakuwa wamefundishwa kuuliza, hii inaenda wapi?

Najua majibu ninayorushiwa nikisema haya, kwa sababu nimeshayasema barazani na kwenye vikundi vya WhatsApp.

Wazee wanasema: simu inaharibu watoto, waondoleeni kabisa. Abti yangu mmoja husema hivyo kila Ijumaa, halafu anamwita mwanawe amsomee ujumbe wa pesa za mbuzi. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu siku hizi uko TikTok, uko kwenye programu za mikopo na za kubahatisha, na uko kwenye video za watu wenye bunduki wanaowaambia vijana wetu kwa Kisomali fasaha na kwa Kiswahili fasaha kwamba kuna maisha mazuri ng'ambo ya mpaka. Wale watu wa mwisho hawakungoja mtaala. Wanajua kijana anatazama saa ngapi, anapenda nasheed gani, ana hasira na askari gani. Ukimwondolea simu leo ataipata kesho kwa rafiki. Ukimwondolea ujinga, huo hataurudia.

Mashirika yanasema: kwanza madawati, vitabu, vyoo, ndipo dijitali. Nakubali madawati. Nakubali vyoo kwa mikono miwili. Lakini hoja hii inadhani dijitali ni kitu kitakachokuja baadaye kwa lori, tutakapokuwa tayari. Kilishakuja. Kilikuja mfukoni mwa mama.

Na vijana wa teknolojia wa Nairobi wanasema: wafundisheni kodi, watoto wa Garissa watakuwa mainjinia. Inshallah. Lakini kumfundisha mtoto kuandika programu kabla hajajua kukataa kutoa namba ya siri ni kumfundisha kuendesha lori mtu asiyejua kuvuka barabara.

Sasa, asiyependa malalamiko bila dawa asikilize. Ninachotaka si kingi na hakihitaji zabuni.

Waajirini na kuwafunza vijana wa hapa hapa. Kila mtaa wa Garissa una vijana waliomaliza kidato cha nne na wako barazani wakitafuna miraa. Wanajua lugha, hawataogopa kubaki, na mishahara yao itazunguka Suq Mugdi. Wapeni nafasi na mafunzo ya kweli, muwape na mamlaka ya kufungua kabati.

Mwondoleeni mwalimu mkuu hofu. Andikeni waraka mmoja useme: tableti ikivunjika mikononi mwa mtoto anayejifunza, hiyo si hasara ya mwalimu. Zilizokufa betri zifunguliwe kwa bisibisi mbele ya darasa, watoto waone ndani kuna nini, waone kwamba si uchawi. Kifaa kibovu kilichofunguliwa kinafundisha kuliko kizima kilichofungiwa.

Na fundisheni kwa Kisomali na Kiswahili. Tapeli hakungoja mtoto ajue Kiingereza.

Lakini kama mtasubiri bajeti, basi anzeni bila bajeti, kwa sababu somo lenyewe ni maswali matatu na linaweza kuandikwa kwenye loho. Nani anauliza? Anataka nini kwangu? Nikikataa, kitatokea nini? Mtoto wa miaka minane anayaweza. Nayasema kwa uhakika maana nimeyajaribu. Jumamosi alasiri, watoto wakitoka duksi, tunakaa kwenye kivuli cha ukuta wa saiba. Nilimwomba maalim ruhusa nikiogopa atakataa. Akauliza tu kama kutakuwa na muziki. Nikasema hapana. Akasema, basi chukua na wa kwangu wawili. Walianza wanne, siku hizi hufika kumi na mmoja. Hakuna tableti. Kuna kabambe yangu ya zamani isiyo na laini.

Kaunta buku nimeifunga. Mteja akija sasa anachagua paswadi mwenyewe na anaiandika kwa mkono wake, au wa mjukuu wake, nami nageuka upande. Foleni imekuwa ndefu na bosi hafurahi.

Mtoto wa habaryar naye huja. Wiki mbili za kwanza alikaa mwisho, simu ikitolewa anaangalia chini. Ya tatu nikamwomba awe tapeli. Alisimama, akasafisha koo, akatoa ile sauti. Jamani, alikuwa ameikariri yote, neno kwa neno, upole wake na kile Kiingereza cha ofisi. “Laini yako inakaribia kufungwa.” Msichana wa miaka tisa aliyeshika kabambe akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kwa Kisomali, mama yangu anaitwa nani? Tapeli hakuwa na jibu. Watoto wakacheka, na yeye pia akacheka.

Juzi nilipita tena ile shule kumpeleka cheti. Mwalimu mkuu amehamishwa, kuna mwingine. Nikamuuliza kuhusu kabati. Akaniambia hajalifungua bado, kwa sababu funguo hakukabidhiwa.